Mwalimu aliyekubali kusahihishwa

Mwalimu anapofariki dunia, watu huhesabu vitabu alivyoviacha, vyeo alivyovishika na nchi alizozitembelea. Hesabu hiyo ni nyepesi, na karani yeyote anaiweza. Hesabu iliyo ngumu ni ile ya wanafunzi: wako wapi, wanasema nini, na je, wanaweza kusimama na kutembea ilhali mkono uliowashika umekwisha ondoka? Ni kwa kipimo hicho cha pili kwamba leo tunapenda kumtazama Dakta Walter Rodney, aliyefundisha historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na aliyeuawa kwa bomu mjini Georgetown, nchini Guyana, tarehe 13 Juni, 1980, akiwa na umri wa miaka 38.

Zaidi ya miaka 40 imepita tangu siku ile. Vijana waliokaa naye pale Mlimani sasa ni wazee wenye mvi, na baadhi yao wametangulia mbele ya haki. Lakini waliobaki hawakunyamaza. Wametunga vitabu, wametoa mihadhara, na wamewafundisha wengine yale waliyofundishwa. Anayeyafuatilia maandishi yao huona jambo moja likijirudia. Wanausifu ufasaha wake, wanausifu wingi wa elimu yake, kisha wote hurejea pale pale: kwamba mtu yule, pamoja na udaktari wake, aliwachukulia vijana kuwa wenziwe katika kazi ya kutafuta ukweli, na alipokosolewa nao hakuona kwamba heshima yake imeguswa. Hilo ndilo tunalotaka kulizungumza, kwa kuwa linawahusu walimu wetu, na linawahusu zaidi viongozi wetu.

Rodney alizaliwa Georgetown tarehe 23 Machi, 1942, wakati nchi yake ingali koloni la Mwingereza. Baba yake alikuwa fundi cherahani. Kwa bidii yake mtoto yule alipata nafasi katika Queen's College, shule iliyokuwa ya wachache, kisha akavuka bahari kwenda Jamaica kusoma historia katika Chuo Kikuu cha West Indies, alikohitimu mwaka 1963 kwa daraja la kwanza. Kutoka huko alikwenda London, na mwaka 1966, akiwa na miaka 24 tu, alitunukiwa udaktari kwa utafiti juu ya pwani ya Guinea ya Juu kati ya mwaka 1545 na 1800. Ili auandike utafiti huo, ilimlazimu ajifunze Kireno na kufukua nyaraka za wale wale waliowauza babu zake. Mtu wa namna hiyo angeweza kuketi juu ya elimu yake kama mfalme juu ya kiti, na asingekosa wa kumpigia makofi.

Mwaka huo huo wa 1966 alikuja Dar es Salaam. Alikuta nchi imo katika mashauri mazito. Mwezi Oktoba wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kulipinga Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao zaidi ya 300. Tarehe 5 Februari, 1967 likatangazwa Azimio la Arusha. Swali lililoulizwa kila pembe likawa hili: msomi anayesomeshwa kwa jasho la mkulima, ana deni gani kwa mkulima huyo? Wanafunzi wachache waliolichukua swali hilo kwa uzito waliunda, mwishoni mwa mwaka 1967, chama chao cha kimapinduzi cha wanafunzi wa Afrika, kilichofahamika kwa ufupisho wa USARF. Mwenyekiti wake alikuwa kijana kutoka Uganda aliyeitwa Yoweri Museveni.

Rodney aliondoka mapema kurejea Jamaica kufundisha pale alipokuwa amesoma. Huko hakutosheka na ukumbi wa mihadhara. Alikwenda katika vitongoji vya makabwela wa Kingston, akakaa nao kitako, akawaeleza historia ya Afrika na akawasikiliza. Serikali ya Jamaica ikaingiwa na hofu. Tarehe 15 Oktoba, 1968, aliporejea kutoka mkutano wa waandishi weusi uliofanyika Montreal, alikatazwa kushuka katika ndege, na kesho yake mji wa Kingston ulichafuka kwa maandamano ya wanafunzi na wananchi. Mwaka 1969 akarudi Dar es Salaam, na safari hii akakaa hadi mwaka 1974.

Miaka hiyo mitano ndiyo wanayoikumbuka zaidi wanafunzi wake. Tuelewane hapa juu ya neno mwanafunzi, kwani wengi wa hao hawakuwa katika orodha ya darasa lake. Issa Shivji alikuwa akisoma sheria. Karim Hirji alikuwa akisoma hisabati, na baadaye akawa profesa wa takwimu za tiba. Kilichowakutanisha na Rodney ni madarasa ya Jumapili, yaliyoendeshwa na wanafunzi wenyewe, ambamo mtu alisoma kitabu, akakieleza mbele ya wenziwe, kisha akahojiwa. Hapakuwa na mtihani wala cheti. Mhadhiri aliyekuja hapo alikuja kama mmoja wa wasomaji, na hoja yake ilipimwa katika mizani ile ile iliyopimiwa hoja ya kijana wa mwaka wa kwanza.

Wanafunzi hao walianzisha jarida, wakaliita Cheche. Toleo la kwanza lilitoka Novemba, 1969, likapigwa chapa kwa mashine ya stensili, na Rodney akatoa makala yake humo pamoja na ya wanafunzi. Miongoni mwa walioshughulika na jarida hilo walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, ambaye mwaka 2006 alikuja kuwa mwanamke wa kwanza kushika Wizara ya Fedha ya Tanzania. Wakubwa wangapi, tunauliza, wangekubali makala yao yapite chini ya kalamu ya mhariri ambaye bado anakula katika bwalo la wanafunzi?

Lakini ushahidi mkubwa kuliko wote umo katika kitabu chake kilichojulikana dunia nzima, kile kinachoeleza jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Kilitolewa mwaka 1972 na wachapishaji wawili kwa pamoja, mmoja wa London na wa pili Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam. Kabla ya kukipeleka mtamboni, Rodney aliwapa mswada Hirji na Mapolu, vijana wawili wa Chuo Kikuu, waupitie na kuukosoa. Katika utangulizi aliwashukuru kwa majina. Kisha akafanya jambo ambalo waandishi hawalizoei. Desturi ni kwamba mwandishi huwashukuru waliomsaidia, halafu husema kuwa makosa yote yaliyobaki ni yake peke yake. Rodney alikataa kusema hivyo. Alieleza kuwa katika kazi ya namna ile dhamana ni ya pamoja, hasa dhamana ya kuyarekebisha mapungufu.

Tuyatafakari maneno hayo. Kwa upande mmoja yanaonekana kama mtu anayejivua lawama. Ukiyatazama vema utaona kuwa ni kinyume chake. Anayesema kwamba kosa ni lake peke yake, hata kama amesema kwa unyenyekevu, amelifungia kosa hilo ndani ya nyumba yake, na jirani hana ruhusa ya kuingia kulitoa. Anayesema kuwa kurekebisha ni kazi yetu sote, amefungua mlango. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Msomi anayeficha mswada wake mpaka utakapokuwa hauna ila, ataishia kuzeeka nao mvunguni.

Sisi wa visiwani tuna sababu ya ziada ya kukijali kitabu hicho. Maneno ya hitimisho yaliyofungia kurasa zake yaliandikwa na Abdulrahman Mohamed Babu, mwana wa Unguja, aliyekuwa waziri katika Serikali ya Muungano wakati alipoyaandika. Mwaka ule ule wa 1972 Babu aliwekwa kizuizini, akakaa humo hadi mwaka 1978. Kitabu hakikumwondoa. Matoleo mapya yamechapishwa mara nyingi tangu wakati huo, na jina la Mzanzibari yule lingali pale, likisomwa na vijana wa Accra, wa London na wa Georgetown.

Isidhaniwe kwamba yalikuwa maisha ya kupendezana tu. Mwezi Desemba, 1969, Rodney alitoa hotuba katika semina ya vijana iliyofanyika Dar es Salaam, akasema waziwazi kwamba serikali kadhaa za Afrika huru ni mawakala wa ubeberu na kwamba wananchi wake wana haki ya kuziangusha. Tarehe 13 Desemba, gazeti la The Nationalist, lililokuwa sauti ya TANU, lilimjibu kwa tahariri kali, likimkumbusha kwamba Tanzania haitakubali kuwa jukwaa la kuhubiri mapinduzi dhidi ya nchi jirani. Wengi wameamini kwamba mkono ulioiandika tahariri ile ulikuwa wa Mwalimu Nyerere mwenyewe. Rodney alijibu kwa maandishi, kwa adabu, akieleza msimamo wake. Kisha nini kikatokea? Alirudi darasani. Hakufukuzwa nchini, wala hakufunga mizigo kwa hasira. Alifundisha miaka mingine zaidi ya minne, na kitabu chake kikapigwa chapa na shirika la umma la nchi ile ile iliyomkaripia. Hapo pana funzo kwa pande zote mbili. Chama kilijua tofauti kati ya kumjibu mtu na kumnyamazisha, na mtu yule naye alijua tofauti kati ya kukosolewa na kufedheheshwa.

Mwaka 1970 alikwenda Makerere kushindana kwa hoja na Profesa Ali Mazrui, mwana wa Mombasa, mbele ya umati wa wanafunzi. Watu wa Uganda waliokuwapo wameendelea kuusimulia mdahalo ule hadi leo, kila mmoja akimpa ushindi ampendaye. Mwezi Septemba mwaka huo huo Cheche ilitoa toleo zima la makala ya Issa Shivji juu ya mapambano ya kitabaka yasiyo na kelele ndani ya Tanzania. Rodney hakumpigia kijana yule makofi na kuondoka. Aliandika maoni yake juu ya makala hiyo, na maoni hayo yakachapishwa pamoja nayo katika kitabu cha mwaka 1973. Kadhalika hawakuwa na jicho moja kuhusu mwelekeo wa nchi. Mwaka 1972 Rodney aliandika kuitetea Ujamaa, akiona ina udugu na ujamaa wa kisayansi. Shivji, katika maandishi yake, aliona tabaka jipya likikua ndani ya dola yenyewe. Mwalimu na mwanafunzi walitofautiana hadharani, kwa wino, na udugu wao haukuvunjika.

Cheche yenyewe haikuishi muda mrefu. Mwezi Novemba, 1970, jarida pamoja na chama cha USARF vilipigwa marufuku, kwa hoja kwamba Tanzania ina itikadi yake, na kwamba Umoja wa Vijana wa TANU unatosha. Wanafunzi walipokea amri hiyo kwa uchungu, lakini mwanzoni mwa mwaka 1971 wakaanza kuandika katika jarida jipya la Umoja wa Vijana lililoitwa MajiMaji. Mwezi Februari mwaka huo TANU ikatoa Mwongozo wake, uliomkataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu kwa anaowaongoza. Mwenye kuyasoma mambo hayo mawili kwa pamoja ataona kuwa hata katika nchi yenye nia njema, mlango wa kukosoana hufunguliwa kwa mkono mmoja na kusukumwa na mwingine. Ndiyo sababu hautoshi kufunguliwa mara moja. Yafaa uwe na walinzi, na walinzi wake wa kwanza ni walimu.

Kuna kitabu kingine kisichosemwa sana, nasi twapenda kukitaja. Rodney aliwaongoza wanafunzi wake wa shahada ya pili, Kapepwa Tambila na Laurent Sago, katika kuchunguza maisha ya vibarua wa wakati wa ukoloni. Mmoja alifuatilia nguvukazi ya mashamba ya mkonge ya Tanga. Mwingine alikwenda Kasulu, walikotoka maelfu ya wale walioitwa manamba. Huo ulikuwa utafiti wa mashambani na wa majalada, wa kuwauliza wazee na kuhesabu mikataba. Kazi hiyo ilichapishwa Hamburg mwaka 1983, mwalimu akiwa kaburini mwaka wa tatu, na juu ya jalada yapo majina matatu: la Rodney, la Tambila na la Sago. Tunajua sote ilivyo rahisi kwa mkubwa kuvuna alipolima mdogo, na kumwachia mdogo shukrani ya mstari mmoja chini ya ukurasa.

Kwa nini basi aliondoka mwaka 1974, ilhali alipendwa? Alieleza mwaka uliofuata, na maelezo yake yanatuhusu sisi wenye lugha hii. Alisema kwamba ili mtu ashiriki kweli katika maisha ya wananchi, haitoshi kujua maneno. Lazima aweze kucheka utani wao kwa kuunasa mzaha uliojificha katika matamshi. Lazima aweze kwenda sokoni na kupatana bei kwa namna ya Waswahili pasi na kutambuliwa kuwa ni mgeni. Hayo aliona yangemchukua miaka mingi, na kwao Guyana aliyazaliwa nayo. Mtu aliyeandika kitabu juu ya bara zima alikiri kwamba mwanamke muuza samaki wa sokoni anao ujuzi ambao yeye hana. Wako maofisa wetu waliozaliwa katika Kiswahili, lakini wakishika kipaza sauti mbele ya wanakijiji huzungumza kama wageni.

Aliporudi Guyana alikuta uprofesa alioahidiwa katika Chuo Kikuu cha nchi yake umefutwa na serikali ya Forbes Burnham. Angeweza kuchukua kazi nje, nafasi zilikuwapo. Alibaki. Alifundisha katika mikutano ya hadhara, akawaendea wafanyakazi wa miwa na wa bauksiti, akihimiza kwamba Waguyana wenye asili ya Afrika na wenye asili ya India wasigombanishwe kwa rangi zao, kwa kuwa njaa yao ni moja. Aliandika hata vitabu vya watoto, ili mtoto wa upande mmoja ajue babu wa mwenzake alifikaje katika nchi ile. Watu wa visiwa hivi hawahitaji kuelezwa thamani ya kazi ya namna hiyo, wala gharama ya kuikosa. Usiku wa tarehe 13 Juni, 1980, alikuwa ndani ya gari pamoja na ndugu yake, akiwa ameshika chombo alichoambiwa kuwa ni simu ya upepo. Kililipuka mapajani mwake. Tume ya uchunguzi iliyoundwa mwaka 2014 ilitoa ripoti yake mwaka 2016, ikauona mkono wa dola katika mauaji yale.

Waliomuua walidhani wamezima sauti moja. Hawakujua kuwa mwalimu wa aina ile huwa amekwisha igawa sauti yake. Shivji aliendelea kufundisha sheria Mlimani kwa miongo mingi, na mwaka 2008 akawa wa kwanza kushika kigoda cha Mwalimu Nyerere cha taaluma za umajumui wa Afrika. Hirji alikusanya kumbukumbu za Cheche na za wenziwe katika kitabu kimoja, na mwaka 2017 akatoa kingine kuonyesha kwamba hoja za Rodney zingali hai, akizipima kwa ukali wa mtu wa hisabati. Museveni alishika urais wa Uganda mwaka 1986, na wapo waliokuwa naye katika madarasa ya Jumapili ambao wameupinga vikali utawala wake. Kwa hiyo wanafunzi wa Rodney hawakutoka kama matofali ya kinu kimoja. Wamekwenda njia mbalimbali, na wanahojiana hadi leo. Huo si upungufu wa mwalimu. Kasuku ndiye anayetoka sawasawa na aliyemfundisha.

Ndugu zetu walimu wa vyuo, leo visiwa vyetu vina Chuo Kikuu cha Taifa, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, na kijana wa Makunduchi au wa Micheweni halazimiki tena kuvuka bahari ndipo aitwe msomi. Majengo tunayo, na mengine yanajengwa. Swali tunaloliacha mezani kwenu ni dogo: je, yupo mwanafunzi aliyewahi kupewa mswada wako aukosoe kabla haujapigwa chapa? Na akiukosoa kwa haki, jina lake litaonekana wapi?

Nanyi ndugu viongozi, swali lenu ni hilo hilo kwa sura nyingine. Mpango wa wilaya unapoandikwa, rasimu yake humfikia nani kabla haijagongwa muhuri? Mvuvi wa dago, mkulima wa karafuu na mwani, mwalimu wa skuli ya msingi, hawa huitwa kuja kusahihisha, au huitwa kuja kupiga makofi? Katika misikiti yetu imamu akiteleza katika aya, aliye nyuma yake humkumbusha kwa sauti, imamu akairudia, na sala ikaendelea. Hakuna aliyewahi kusema kuwa maamuma yule amevunja adabu. Kinyume chake, ni yule aliyelijua kosa akanyamaza ndiye mwenye la kujibu.

Cheo ni dhamana, na elimu ni dhamana iliyo nzito zaidi, kwani cheo huvuliwa lakini elimu mtu hufa nayo. Walter Rodney aliirejesha dhamana yake mapema, kidogo kidogo, kila Jumapili, mikononi mwa vijana ambao wengi wao hawakuwa hata katika darasa lake. Ndiyo maana bomu lile halikumkuta nayo.